Mshale wa Geji

Baba alileta gari gerejini kwetu mara ya tatu wiki ile, na lalamiko lilelile: usukani mzito. Mara ya kwanza nilimwongezea mafuta ya usukani. Mara ya pili nikabadilisha mkanda, maana ukibishana na baba kuhusu gari lake mtakesha. Lakini asubuhi hiyo, kwenye kona ya shule, alikuwa amepanda ukingo wa barabara na watoto kumi na wanne anaowapeleka shule wakiwa ndani. Hawakuumia. Nikamwambia leo sibahatishi, napima presha ya pampu.

Nikafungua bomba la pampu, nikaunga geji ya presha yenye koki, nikawasha injini. Baba alisimama nyuma yangu akinifundisha kazi, yeye ambaye geji ile hajui hata inashikwaje. Koki ikiwa wazi, mshale unakaa chini, ndivyo unavyotakiwa. Ukiifunga sekunde tano, usizidishe, pampu nzima inaurusha mshale juu. Pampu mbovu haina nguvu hiyo.

Alipokwenda kunawa, nikafunga koki. Mshale ukaruka mpaka themanini, pampu nzima kabisa. Nikafungua, nikarudia, nikiomba niwe nimekosea. Themanini tena. Nikakaa kwenye kiti cha dereva, nikazungusha usukani kwa kidole kimoja. Ukazunguka wenyewe, mwepesi.

Basi. Mimi ni mtu wa kuwaka haraka, gereji nzima inanijua, nikategemea nitapiga kitu teke au nitalia. Wapi. Nilikauka tu. Nikaangalia grisi kwenye kucha zangu. Nikakumbuka mama aliponiambia baba siku hizi hanywi chai mbele ya wageni, nami nikacheka, nikasema mzee ameanza maringo.

Akarudi akijifuta kwenye suruali, akauliza kulikoni. Koki niliiacha wazi.

"Unaona mshale uko chini? Haupandi. Pampu imekufa, baba."

Nikamweleza kwamba spea ya gari la aina hii siku hizi haipatikani, itachukua miezi, na watoto itabidi watafutiwe dereva mwingine. Nilisema yote hayo bila kumeza mate, kama nasoma tangazo. Kisha nikasubiri anibishie. Baba hajawahi kukubali jambo mara moja tangu nimjue.

Aliiangalia geji muda mrefu.

"Kwa hiyo ni pampu."

"Ni pampu."

Akashusha pumzi, mabega yakalegea.

"Afadhali, mwanangu. Nilikuwa nadhani ni mkono wangu."

Sikuhisi kitu hata hapo. Nikamwomba ufunguo wa akiba, gari libaki kwangu. Mkono wa kulia ulikwenda mfukoni, ukahangaika huko, ukatoka mtupu. Akauchukua kwa kushoto, akanipa kwa kushoto, yeye aliyetuchapa utoto wetu wote kila tulipompa mtu kitu kwa mkono huo.

Nikaupokea kwa mikono miwili, nikaenda kuzima injini.