Mkono Niliouachia Kinamasini

Kiangazi nilichotimiza miaka kumi na sita nilikuwa na adui mmoja tu duniani, na mwenyewe hakujua kama ni adui yangu. Aliitwa Ilta Tolonen. Alihamia Hietavaara mwezi wa Machi, mama yake alipopata kazi ya uuguzi katika zahanati yetu, na kabla theluji haijayeyuka alikuwa ameshanishinda mara mbili kwenye mbio za skii. Kwetu mtoto hufundishwa kuteleza kwenye theluji kabla hajajua kufunga vifungo vya koti lake. Mimi nilikuwa wa kwanza katika rika langu tangu nina miaka tisa. Mzee wa dukani alizoea kuniuliza habari za mbio kabla hajaniuliza nataka nini. Tangu Machi alikuwa akimuuliza Ilta.

Kocha wetu, Raili, alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mabega mapana, asiyependa maneno mengi. Alituambia kwamba majira ya baridi ni ya kuvuna tu, kulima ni kiangazi. Basi tulilima. Jumanne tulipanda na kushuka barabara ya lami kwa skii za magurudumu. Alhamisi tulipanda mlima wa Hieta kwa kurukaruka, fimbo za skii mikononi, mpaka Aarni, mcheshi wa kundi, akawa anatapika na kuwaomba radhi sisimizi. Jumamosi tulikimbia kinamasini, na fimbo zilezile mikononi.

Kukimbia kinamasini hakuna mfano. Kila hatua unazama hadi kwenye shavu la mguu, nawe unauchomoa kwa nguvu zako mwenyewe, na mbu wanakungojea uheme ili waingie kinywani. Saa moja pale ni sawa na saa tatu barabarani. Lakini kinamasi kina mahali pake pabaya. Sisi tunapaita macho: nyasi za kijani kibichi, laini, nzuri kuliko zote, zilizotanda juu ya maji kama ngozi juu ya maziwa yaliyochemshwa. Chini yake hakuna kitu. Raili alituonya kila Jumamosi kwamba upande wa kusini wa njia ya mbao iliyokatiza kinamasi una macho mengi, na kwamba atakayeonekana huko asirudi mazoezini.

Jumamosi moja ya Julai tulikuwa sita. Raili alitupanga wawili wawili, akawatanguliza wanyonge, ili wenye nguvu wawafukuze kutoka nyuma. Mimi alinipanga na Ilta, tukaondoka wa mwisho. Hapakuwa na mtu nyuma yetu. Simu zote zilikuwa kwenye gari.

Ilta alikuwa na miguu mirefu. Kufikia nusu ya mzunguko nilikuwa nikiutazama mgongo wake, na kifua kinaniwaka. Alipunguza mwendo mara moja, akageuka kuona kama nipo. Hakuwa na kiburi usoni, alitaka kuhakikisha niko salama. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Tulipofika mahali njia ya mbao inapopinda, nikamwambia tukatishe upande wa kusini, tutawapata wenzetu kwa dakika tano.

"Si kocha kasema tusipite huko?"

"Anawaambia wasiokijua kinamasi. Mimi nimechuma matunda huku tangu sijaota meno ya ukubwani. Au unaogopa, mtoto wa mjini?"

"Niogope nini? Haya, tangulia."

Nikatangulia. Nilikanyaga kwenye vinundu vya nyasi kavu, vile vyekundu vyenye vichaka, kwa sababu bibi yangu alinifundisha kwamba panapoota kichaka pana mizizi, na penye mizizi pana pa kukanyaga. Ilta sikumwambia. Nataka hili lieleweke, maana kwa siku kadhaa nilijaribu kujidanganya mwenyewe: nilijua, na sikumwambia. Nilitaka alowe hadi magotini, arudi nyuma, nami nifike peke yangu.

Sikusikia yowe. Nilisikia mlio kama wa ng'ombe anayechomoa kwato kwenye tope. Nilipogeuka, Ilta alikuwa amezama hadi kiunoni katikati ya kijani kile kizuri, fimbo zake zimelala pembeni. Nilicheka. Naye akatabasamu kidogo, akajaribu kuinua mguu, na alipouinua mmoja, mwingine ukashuka. Maji yakamfika kifuani. Tabasamu likaondoka.

"Saimi," alisema polepole, "sigusi chini."

Hapo hofu ilinishika miguuni kwanza. Nikakaa chini bila kukusudia. Nikamwambia asitikisike. Nikalala kifudifudi, nikatambaa juu ya nyasi zile zilizokuwa zikiyumba chini ya tumbo langu kama godoro lililojaa maji, nikamnyoshea mkono. Aliushika kwenye kifundo kwa mikono yake yote miwili. Nikavuta. Hakusogea hata kidogo. Nilichohisi ni mimi kusogea kuelekea kwake. Maji yalipanda mabegani mwangu, yakaingia mdomoni, meusi, yenye ladha ya chuma, na baridi yake haikuwa ya Julai. Chini ya kinamasi majira ya baridi hayaondoki kabisa. Nikaona kwamba tutakwenda wote wawili na hakuna atakayejua tulikopitia.

Nikauchomoa mkono wangu.

Sikuuchomoa polepole. Niliukung'uta, kama mtu anayekung'uta nyoka, nikamkwaruza, nikarudi nyuma kwa viwiko mpaka kwenye kinundu. Nilipomtazama, mikono yake ilikuwa bado imenyooshwa, vidole wazi. Hakulia, hakunitukana. Alinitazama tu, na macho yale yakanitisha kuliko maji.

Nilipiga kelele kumwita Raili mpaka sauti ikakauka. Upepo ulikuwa ukitoka upande wake, ukanirudishia kelele zangu. Ndipo nikaona fimbo. Nilikuwa na zangu mbili, na za Ilta zilikuwa karibu. Nikatambaa tena, meno yakigongana, nikazisukuma mbele yangu moja moja, nikazipanga kama uchanja wa kuchomea samaki, na Ilta akaziingiza chini ya makwapa yake. Zilizama kidogo, kisha zikakaa. Hakuwa akizama tena. Lakini midomo yake ilikuwa na rangi ya matunda meusi ya porini.

Nilitaka aniambie nikae. Nilikuwa tayari kukaa, kwa sababu kukaa kulikuwa rahisi kuliko kukimbia tena juu ya ngozi ile. Yeye ndiye aliyesema:

"Nenda kamwite."

"Nikikuacha..."

"Umeshaniacha. Sasa nenda."

Nimekimbia mbio nyingi maishani, nyingine mbele ya umati. Sijawahi kukimbia kama siku ile, na sikumbuki hatua hata moja. Nakumbuka mawazo tu. Niliona nikirudi na watu, na fimbo nne zimelala juu ya nyasi, na hakuna mtu. Niliona mama yake akitoka zahanati na vazi lake jeupe. Nilimwona mzee wa dukani.

Raili alikuwa kwenye njia ya mbao, saa mkononi, karibu kuanza kutugombeza kwa kuchelewa. Nikasema, "Ilta yuko kwenye jicho." Alimtuma Aarni garini kupiga simu ya dharura, kisha akapiga goti na kung'oa ubao wa njia kwa mikono, misumari ikilia. Akang'oa wa pili. Wengine wakabeba, tukakimbia.

Kisha sikumpata.

Nilifika pale nilipodhani ndipo, na palikuwa na nyasi za kijani. Mbele palikuwa na nyasi za kijani. Kulia vilevile. Misonobari mifupi ile ile, anga lile lile. Sikuwa nimeweka alama yoyote. Raili alinishika bega akaniuliza ni wapi, nikaonyesha kidole mbele, kisha kulia, kisha mbele tena. Aliniambia nipumue. Nilishindwa hata hilo. Tukaita jina lake, tukanyamaza, tukasikia mbu.

Ndipo mmoja wetu akasema, "Sikilizeni."

Ilikuwa sauti nyembamba, kama ya mtoto anayesoma shuleni. Ilikuwa ikihesabu. Mia tisa na arobaini. Mia tisa na arobaini na moja. Raili huwa anatuhesabisha sekunde tukipanda mlima ili akili isisikilize miguu. Ilta alikuwa akihesabu sekunde, macho amefumba, kidevu juu ya fimbo.

Raili akalala juu ya mbao. Akaingiza mkono ndani ya maji hadi begani, akaanza kulegeza tope kwenye mguu wa Ilta, kidogo kidogo, akiongea naye kwa sauti ya kawaida kabisa, kama wanasubiri sufuria ichemke. Alimwuliza jina la paka wake. Alimwambia aendelee kuhesabu, asiruke. Kwa sauti hiyo ungedhani haogopi kitu. Lakini mimi nilikuwa nimemshika vifundo vya miguu ili asitumbukie, na miguu yake ilikuwa ikitetemeka mfululizo, muda wote ule, na muda ule ulikuwa karibu nusu saa. Viatu vya Ilta vilibaki huko chini. Yeye tulimtoa. Watu wa gari la wagonjwa walipofika, alikuwa amevikwa nguo zetu zote za juu, na alikuwa ameacha kutetemeka, jambo ambalo Raili hakulipenda, kwa kuwa mwili uliopoa mno hauna hata nguvu ya kutetemeka.

Aliponiuliza kwa nini tulipita kusini, nilisema tulipotea njia. Raili alinitazama. Mtoto wa Hietavaara kupotea kwenye kinamasi cha Hietavaara. Akageuka, akaenda kuokota mbao zake.

Ilta alilala hospitali ya mjini siku mbili. Nyonga ilikuwa imevutika, mengine salama. Kwangu hofu ilibadilika sura tu. Kila simu ya nyumbani ilipolia nilijua ni yeye amesema. Sikula. Usiku nilikunja vidole nikihisi vidole vyake vikiteleza. Siku ya nne mama akanipa keki ya matunda nimpelekee mgonjwa, nikakosa pa kukimbilia.

Mama yake, Marjut, alifungua mlango, akanikumbatia kabla sijavua viatu. Alilia begani kwangu. Alisema nimemwokoa mwanawe, kwamba hatanisahau mpaka kaburini. Nilisimama kama mti na keki mkononi.

Ilta alikuwa kitandani, mguu juu ya mito. Alingoja mpaka mama yake akaenda kuchemsha kahawa.

"Sijamwambia," alisema. "Usidhani nakuhurumia. Akijua, hataniruhusu kukimbia tena, ndiyo maana."

Nikaanza kusema samahani. Akanikatiza.

"Mkono, naelewa. Ungezama na wewe. Nimeufikiria sana, naelewa. Lakini ulijua pa kukanyaga, nilikuona unachagua. Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu unanishinda."

Alisogeza mto chini ya mguu wake. "Basi kamwambie kocha hivyohivyo. Usipunguze."

Nilimkuta Raili kwenye karakana yake, akibadilisha magurudumu ya skii. Nikamweleza yote, bila kukaa, pamoja na kicheko changu na mkono. Aliendelea kukaza nati ile ile ingawa ilishakazwa. Mwisho akasema kwamba alijua tangu siku ile, na alikuwa akingoja aone kama nitakuja. Akasema yeye ndiye aliyewapanga pamoja wasichana wawili ambao mmoja hamwangalii mwenzake machoni, na akaacha simu garini, na hayo amekwenda kumwambia Marjut mwenyewe. Yangu hakumwambia.

"Yako utayapeleka mwenyewe ukiweza," alisema. "Na huku usije mpaka theluji ianguke. Usidhani sikutaki. Siwezi kukutuma mahali nami nikiangalia saa, nikijua ulichofanya. Nipe muda."

Kwa Marjut nilikwenda Agosti. Ilinichukua wiki tatu. Hakunifukuza, lakini hakunikumbatia tena, na mpaka leo tukikutana dukani tunasalimiana kama majirani wasiojuana. Ilta alikasirika kwa wiki nzima kwa sababu mama yake alimzuia mazoezi, kisha akamruhusu, kwa kuwa kumzuia Ilta ni sawa na kuzuia mto.

Miezi yote ya Septemba na Oktoba nilifanya mazoezi peke yangu barabarani, nikiliona kundi likipita kwa mbali. Theluji ilipoanguka Raili alinipigia simu, akasema saa na mahali tu. Ilta alinishinda majira yale yote ya baridi. Tulikimbia pamoja mbio za kupokezana, tukapata nafasi ya pili mkoani, na kwenye picha tumesimama tumeachana kwa upana wa mtu mmoja.

Watu wangedhani yeye ndiye aliyebaki na hofu. Kiangazi kilichofuata alikuwa kinamasini na ndoo, akichuma matunda ya manjano na mama yake, akiruka kutoka kinundu hadi kinundu. Alikuwa amejifunza vizuri kuliko mimi. Mimi nilikuwa barabarani, kwenye lami. Sasa nina watoto wangu. Hata nyasi za uwanjani, mvua ikinyesha, nikikanyaga zikabonyea, mkono wangu wa kulia unajifunga ngumi wenyewe, nami husimama hapo mpaka mmoja wao aje anishike, anivushe.