Meza Moja kwa Wakwe Wote

Siku ya utambulisho wa kaka yake, Bogere, kwa wakwe, Isiko ndiye aliyepanga meza za wageni, kwa programu aliyoiandika mwenyewe. Njia nzima kutoka Jinja hadi Mbale alijisifu bila kuombwa. Kila mgeni angepata ujumbe kwenye simu: jina lake na meza yake.

Namono, mchumba wa Bogere, aliyesoma kompyuta na Isiko, alikuwa ameiona kazi hiyo mapema. "Shemeji, jina umeliweka ndani ya kila mgeni, sawa. Lakini meza umeiweka kwenye klasi, kile kiolezo cha wageni wote. Hiyo ni moja, wageni wote wanaichangia. Ukimbadilishia mmoja, umewabadilishia wote."

"Wewe katafute gauni lako la gomesi," Isiko alimjibu. "Mambo ya meza niachie."

Basi pale Namakwekwe, mtaa wa Mbale, nyumbani kwa kina Namono, chini ya hema, simu zikalia pamoja. Majina yalikuwa sahihi. Meza ilikuwa ile ile kwa kila mtu, maana Isiko alimwingiza mama yake Namono mwisho, na meza ya mama ikafuta za wengine. Bogere, mtiifu wa simu, akavuta kiti, akaketi, akageuka amsalimu jirani. Mama mkwe.

Kwetu mkwe hamkaribii mama mkwe, seuze kugusana viwiko. Mama akajifunika uso kwa leso. Bogere akaruka kama aliyekalia kaa la moto. Ngoma ikanyamaza.

"Nani amewakalisha hawa pamoja?" aliuliza Shangazi Gorreti, msemaji wa upande wa Namono.

"Ni simu, shangazi," Bogere alisema.

"Simu ina wakwe?"

Wazee wakaanza kunong'ona: mkosi huu, hawa warudi kwao Jinja. Isiko akasimama.

"Ni mimi. Kila mtu alistahili meza yake, nikawapa wote moja. Namono aliniambia. Nikamcheka."

Gorreti alimtazama mpaka Isiko akainamisha kichwa. "Basi wakalishe kwa mdomo wako. Mmoja mmoja, kwa jina na kwa undugu. Anza na mama."

Isiko alisogea, akasimama mbali kidogo, maana naye ni mkwe. Kwenye programu alikuwa amemwandika "Mama Namono" tu.

"Samahani, mama. Jina lako nani?"

"Sema kwa sauti," mama alijibu ndani ya leso. "Wa nyuma nao wasikie kwamba hulijui."