Mkwe Asiyetazama

Doreen alikuwa fundi kompyuta mwenye kibanda chake Bondeni, na katika miaka yake ya kufungua mashine za watu alikwishakuta mende, mayai ya mijusi, na siku moja nusu chapati iliyoota ukungu. Hayo yote hayakumtapisha. Kilichomtapisha alikikuta Mwaya, kwenye kituo cha afya cha baba mkwe wake, mchana kweupe.

Aliitwa na Hezroni, mganga mfawidhi wa kituo.

"Dada Doreen, ndaga fijo, asante sana, ukija leo leo," Hezroni alisema kwenye simu. "Seva inatuua. Kufungua kadi ya mgonjwa mmoja, dakika kumi. Jana mama mjamzito anavuja damu hapa, sisi tunasubiri kundi lake la damu litokee kwenye skrini. Na mwenye kituo ameshasema, leo saa kumi Anyisile anafukuzwa kazi."

Anyisile alikuwa karani wa kumbukumbu. Kwa kuwa meza yake ilikuwa chumba kimoja na seva, kituo kizima kilishaamua kwamba anapakua filamu. Kumsingizia mnyonge ni kazi nyepesi sana, maana haitaki ushahidi. Inataka tu awe karibu.

Getini Doreen alisubiri kama ilivyo ada. Mlinzi alikwenda kusema kwamba mkamwana amefika, na mzee akatoka ofisini kwa mlango wa nyuma, uso ameugeuzia ukutani. Siku hizi Wanyakyusa wengi wameyaacha mambo haya, lakini ukoo wa Tuntufye, mumewe Doreen, uliyashika kwa meno. Mkamwana na baba mkwe hawatazamani, hawapishani njiani, na mkamwana halitamki jina la mkwe hata ashikiwe panga. Akilitamka, kikao kinaitishwa, na anaweza kurudishwa kwao na kikapu chake. Miaka sita ya ndoa, mzee hakuwahi kumtazama usoni. Kanisani walimsifia hilo. Mzee yule macho yake yana adabu, walisema.

Seva yenyewe ilikuwa kisanduku cha ukubwa wa mkate, feni yake ikilia kama inasaga mahindi. Doreen alianza na uchafu. Aliifungua, akaipangusa ile midudu ya ziwani inayoruka kwa mawingu na kufia kila penye upenyo, akaifunga. Feni ikaendelea kulia. Akatafuta virusi, hakuona. Akafungua orodha ya kazi zinazoendelea, na hapo akaona prosesa iko asilimia tisini na saba, karibu yote imeliwa na kazi moja inayojiita "nakala".

"Hiyo inatunza nakala za mafaili ya wagonjwa," Anyisile alisema. Tangu asubuhi alikuwa hajala. "Mwenye kituo aliiweka mwenyewe, akaniambia nisiiguse."

Hilo halikumshangaza Doreen. Mzee alikuwa fundi mstaafu wa simu, na paneli za sola zilipoibwa mwaka jana ndiye aliyepanda ngazi kufunga kamera nne za ulinzi. Lakini nakala ya kweli ina saa yake. Hii ilikuwa inalala, inaamka, inasaga nusu saa, inalala tena. Kwa hiyo Doreen akavuta kiti, akakaa kuitazama, na alipoona imetulia asilimia nne hakuondoka.

Saa nane na nusu wauguzi walianza kubadilishana zamu. Mlango wa chumba cha ng'ambo ya korido ukalia. Namba ikaruka kutoka nne hadi tisini. Kabla haijashuka mlango ukalia tena, na feni ikazidi kupiga kelele.

Doreen akageuka kwenye kiti.

"Anyisile, chumba kile ni cha nini?"

"Cha wauguzi wa kike, dada. Wanaoga, wanabadilisha nguo."

Doreen alisubiri namba ishuke. Halafu akatoka, akamkuta koridoni Mariamu, muuguzi aliyemfahamu tangu dukani kwa wazazi wake Bondeni, ushungi kichwani na taulo begani. "Usiingie humo," alimwambia. "Fungua mlango, tupa kanga ndani, funga. Usiniulize." Kanga ikarushwa. Feni ikaunguruma.

Basi hakuwa na la kutafuta tena, ila kamera. Kwenye mfumo zilitakiwa ziwe nne: geti, duka la dawa, jenereta, paneli. Zilikuwa tano. Ya tano haikuwa na jina. Ilikuwa inaamka mtu akijongea, na "nakala" ilikuwa ndiyo kinu kinachosaga video zake na kuzituma kwenye simu ya mtu. Safu ya mwenye kazi ilikuwa na jina, kwa herufi ndogo, jina ambalo Doreen hajawahi kulitia mdomoni: ambilikile.

Alitamani kunawa mikono. Mama anavuja damu, kadi yake haifunguki, kwa sababu mashine ina shughuli ya kumtumia mzee wa kanisa picha za wanawake wanaooga! Akateremka kwenye tarehe. Zilikuwemo hata wiki mbili ambazo Anyisile alikuwa Katumba Songwe akimzika mama yake. Na mwezi wa tatu, tarehe kumi na tisa, ilikuwemo.

Siku hiyo mvua ilimnyeshea kwenye bodaboda kutoka mjini, akafika amelowa chapachapa. Mlinzi alimletea ujumbe mwema: "Mkwe wako anasema ukabadilishe nguo chumba cha wauguzi, usije ukaugua." Tena Doreen alimwomba Mungu ambariki mzee.

Alifungua picha moja tu, ya kwanza. Akajiona mwenyewe, amesimama na maji yanamchuruzika usoni, anafungua kifungo. Akaizima. Akainamia ndoo ya taka, akatapika chai yote ya asubuhi.

Alipomweleza, Mariamu hakulia. "Mume wa dada yangu tunaishi naye nyumba moja," alisema taratibu. "Hajawahi kuona nywele zangu." Kisha akaenda kuwaita wenzake.

Saa kumi walikusanyika ukumbini. Mzee alikaa nje barazani, amelipa dirisha mgongo, asikie bila kumtazama mkamwana. Adabu, adabu, adabu. Ilikuwa inamvuja kama usaha.

"Mganga," alisema kupitia dirishani, "mwambie mkamwana amtaje mharibifu, tumalize."

Doreen akaeleza yote, mlango, feni, kamera ya tano.

"Nani?" Hezroni aliuliza, na kwa jinsi alivyouliza, alishajua. Akamsogezea karatasi na kalamu. "Andika basi, dada. Hakuna atakayekulaumu ukiandika."

"Aandike nini?" sauti ya nje ikadakia. "Anayelala na mashine hiyo si Anyisile?"

Doreen aliitazama ile karatasi. Angeandika, angekunja, na jioni wangesema mkamwana amelelewa vizuri. Akaisukuma kando. Akatoka, akazunguka ukuta hadi barazani, akasimama mbele ya kiti cha mzee, hatua moja tu. Nyuma yake wauguzi wakafuata mmoja mmoja, na Hezroni akatoka na simu sikioni, akiwaeleza polisi njia ya kufika.

Mzee alishtuka. Upesi akavua kofia, akajifunika nayo uso wote, kama baba mkwe mwenye heshima zake.

"Mkamwana," alisema ndani ya kofia, "unavunja mila!"

"Teremsha kofia, Ambilikile," Doreen akasema, na jina lilitoka jepesi kuliko alivyodhani. "Sura yangu unaijua."

Hakuiteremsha. Mariamu akasogea, akaipokonya mkononi mwake, akaitupa uani kwenye matope.