Mikono Iliyobaki Juu

Asubuhi ile Akeyo alitoka nje kutia makaa kwenye pasi. Sare za shule zilikuwa zimerundikwa mezani, mashati upande huu, sketi upande ule, na ingawa shule zilichelewa kufunguliwa kwa sababu ya vita vya uchaguzi, kikundi cha mafundi wa cherehani cha Kawangware kiliendelea kushona. Kazi ni kazi. Mlango ulipofungwa nyuma yake, Kiarie alijikohoza. Yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi na ndiye mwenye ploti waliyoshonea.

"Watu wangu, vijana wa hapo steji wananiuliza kama bado tuko na Mjaluo humu ndani," alisema. "Mimi sina shida na yeye. Lakini tukichomewa, tumechomewa sote. Tuamue kama kikundi."

Nthenya alikuwa akitunga uzi kwenye sindano. Ni mtu wa Machakos, na cherehani yake ilikuwa ubavuni mwa ile ya Akeyo, pale dirishani. Akeyo ndiye aliyemfundisha kushona kola. Akeyo ndiye aliyemshika mgongo siku mwanawe Kasiva alipozaliwa kabla gari halijapatikana. Hakutaka Akeyo aende, Mungu ni shahidi, hakutaka. Aliwatazama wenzake, akaona nyuso zimekazwa, akajiambia basi hawa wote wanataka, mimi ni nani? Wengi wape. Kiarie akauliza nani anakubali Akeyo akae kando kwanza, mpaka mambo yatulie. Mkono mmoja ulipanda, haikujulikana wa nani, na mingine ikaufuata, na wa Nthenya ukawamo.

Akeyo aliingia na pasi yake ikifuka moshi, akaikuta mikono juu. Hakuhitaji kuambiwa. Aliiweka pasi kwenye kipande cha bati, akaivua tepu ya kupimia shingoni.

"Shusheni basi," alisema. "Nimeshaona."

Hakuna aliyeshusha. Si kwamba walikataa, mikono haikushuka. Nthenya aliuvuta wake kwa ule wa kushoto, nao ukakaa pale pale kama mlingoti wa bendera. Akeyo alingoja. Alimtazama Nthenya zaidi kuliko alivyowatazama wengine.

"Sawa, Mama Kasiva. Mmesema, nimesikia. Si lazima mniambie mara mbili."

Akachukua mkoba wake, akatoka. Aibu iliyoje! Nthenya alitaka kumkimbilia amweleze kwamba hakuwa akisisitiza, kwamba mkono umekwama tu. Lakini angeuelezaje mkono uliokwama bila kueleza ulipandaje? Alibaki kitini.

Mikono ilikaa juu mchana ule, na kesho yake, na wiki iliyofuata. Watu wa Kawangware hawakujali sana, maana Januari ile kila mtu alikuwa na lake. Vijana wa vizuizi barabarani wakiona mtu kainua mkono walidhani anajisalimisha, wakampisha. Nthenya alifumua mshono wa bega kwenye blauzi zake zote, akatia vifungo. Kazini alihamia kando ya fundi mwenzake Nyongesa, ambaye ni mashoto na aliinua wa kushoto. Nyongesa alitoa mkono wa kulia, Nthenya akatoa wa kushoto, wakawa fundi mmoja. Wengine walishona polepole.

Walikwenda zahanati huko Satellite kwa pamoja. Muuguzi aliwapima presha kwenye mkono uliokuwa chini, akasema hakuna mfupa uliovunjika, wapunguze chumvi. Ni pale kwenye benchi, wakingoja, ndipo waliposemezana.

"Kusema ukweli mimi sikutaka," Nyongesa alisema. "Nilidhani ni nyinyi mnataka."

"Na mimi nilidhani ni chairman," Nthenya alisema.

Kiarie aliangalia sakafu. "Mimi niliwauliza tu nisikie maoni. Nilijua mtakataa."

Walipita benchi lote wakimtafuta aliyetaka Akeyo aende, wasimpate. Uamuzi ulikuwa wa wote na haukuwa wa mtu. Muuguzi akaita anayefuata.

Wakubwa walipokubaliana huko mjini na barabara zikafunguka, Nthenya alikwenda mtaa wa Makina kutafuta vifungo. Akeyo alikuwa ameketi kwenye baraza ya duka akipinda kanzu kwa mkono. Aliona mkono ng'ambo ya barabara, akadhani anasalimiwa, akainua wake. Wa Akeyo ulipanda na ukashuka vizuri tu. Nthenya akavuka.

"Kumbe bado," Akeyo alisema.

"Umekataa kushuka. Siku ile sikuwa nasisitiza, Akeyo. Nisamehe."

Akeyo alikata uzi kwa meno. "Ile cherehani yangu mnaitia mafuta? Ikikauka inakata uzi."

"Imefunikwa tu."

"Mkiniita nitarudi. Lakini niitwe na kikao, vile nilitolewa na kikao. Sitaki kurudishwa na mtu mmoja kwa mlango wa nyuma."

Nthenya aliapa kwa jina la Kasiva kwamba Jumamosi atasema.

Jumamosi kikao kilianza vizuri. Kiarie alipendekeza chai iwe ya maziwa, akatazama mikono, akasema imepita. Mtu akataka mlango upakwe rangi. Ikapita.

Nyongesa alicheka. "Chairman, siku hizi hapa hakuna kitu kinaanguka. Mtu aseme tu."

Walicheka naye, kisha macho yote yakaenda dirishani, kwenye cherehani iliyofunikwa kitambaa.

"Kuna lingine?" Kiarie aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba. "Jamani, hakuna lingine?"

Neno lilikuwa mdomoni mwa Nthenya, jina lenyewe. Hakukuwa na kura ya kushindwa. Kilichotakiwa ni mdomo mmoja. Aliwatazama wenzake, akaona nyuso zimekazwa vile vile kama Januari. Ya benchi waliyasema, ni kweli, lakini benchi si kikao. Huenda wamebadili mawazo. Huenda ni yeye peke yake.

"Mama Kasiva, ulikuwa unataka kusema?" Kiarie alimwuliza.

"Ndio," Nthenya alisema. "Naomba tununue mafuta ya cherehani."

Kiarie alitazama mikono. Yote ilikuwa juu.

"Imepita," alisema, na kikao kikafungwa.

Jumatatu Nthenya aliifunua cherehani ya dirishani, akaitia mafuta kwa mkono wa kushoto, akalizungusha gurudumu. Lilikwenda laini kabisa. Alijaribu mshono kwenye kitambaa chakavu na uzi haukukatika. Akaifunika tena, akaenda kuketi na Nyongesa.