Bima Iliyolazwa Hadi Siku ya Baraka

Huku kwetu, jimbo la Michigan, pikipiki hulala. Theluji ya kwanza ikianguka tunazifunika turubai, kisha tunampigia simu wakala atulazie na bima. Bima iliyolala inalipa pikipiki ikiibwa au ikiungua ndani ya banda. Barabarani haina kazi yoyote. Jua likirudi unapiga simu tena, inaamshwa. Kila mtu hufanya hivyo, na kila mwaka anapatikana mjinga mmoja anayesahau. Mwaka huu niliamini mjinga huyo ni mimi, tangu saa nne asubuhi ya Jumanne mpaka alasiri.

Nilikuwa jikoni pale shuleni ninapopika, nikimenya viazi, Butch aliponipigia simu. Butch ni rafiki wa mume wangu Gerrit tangu wakiwa wote kiwandani. Aliniambia Gerrit amegongwa na gari akiwa kwenye pikipiki, yu hai, anaongea, ila mguu na nyonga vimevunjika vibaya. Nilitoka vilevile na aproni yangu.

Hospitali sikuruhusiwa kumwona, alikuwa chumba cha upasuaji. Nikapelekwa kwa karani, mwanamke mpole mwenye miwani, akaniuliza jina, tarehe ya kuzaliwa, halafu bima ya pikipiki.

"Ya pikipiki ya nini, wakati aliyemgonga ni mwenye gari?" nikamuuliza.

"Ndiyo, mama. Hapa jimboni gari likimgonga mwendesha pikipiki, bima ya gari ndiyo inayomtibu. Lakini kwa sharti kwamba pikipiki nayo ilikuwa na bima yake siku hiyo. Kama haikuwa nayo, mwenye pikipiki hapati chochote, hata kama kosa si lake."

Nilimwomba aseme tena. Alisema tena, na mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Daktari alikuwa ameshaniambia kwamba Gerrit atahitaji miezi mingi ya kufundishwa kutembea upya, katika kituo maalumu, na kwamba asipofanya hivyo atabaki kwenye kiti cha magurudumu. Bima yetu ya kawaida ya afya inalipa wiki tatu. Nilisimama pale na kalamu mkononi, sikumbuki nilikuwa naandika nini.

Maana mimi nilijua jambo moja. Gerrit hagusi pikipiki yake, ile kubwa nyeusi, mpaka ibarikiwe. Jumapili ya kwanza ya Mei mchungaji wetu husimama nje ya kanisa na ndoo ya maji, pikipiki zinapita mbele yake moja moja. Mwaka mmoja mdogo wake Gerrit hakungoja, akafa kwenye kona ya kiwanda cha maziwa. Tangu hapo Gerrit ana mwiko wake. Na kazi ya kupiga simu ni yangu, kwa sababu yeye anachukia simu. Kila mwaka huniambia, "Lorna, usiniamshie bima kabla ya baraka, utanitia kishawishi."

Nami nilitii. Hii ilikuwa Aprili.

Butch alifika akinuka petroli, akakaa karibu yangu na kuanza kunifariji, jambo ambalo Mungu hakumjalia.

"Shemeji, alivaa helmeti?"

"Wanasema alivaa."

"Basi umepona. Hapa ukitaka kuendesha kichwa wazi lazima uwe na miaka ishirini na mmoja na bima ya matibabu juu yake. Jirani zetu wa Indiana hawana hayo, mtu mzima anavua anavyotaka. Ndiyo maana tukifika mpakani wote tunasimama kuvua."

"Butch, ajali haikutokea Indiana."

"Najua. Lakini yule dereva ni wa Ohio. Labda tunafuata sheria ya Ohio."

"Sheria ya Ohio inasemaje?"

Akafikiri sana. "Sijui," akasema. "Lakini labda ni nzuri."

Nilitaka kumpiga na mkoba. Kichwani mwangu majimbo matatu yalikuwa yanagombana, na hakuna hata moja lililokuwa upande wangu.

Nikatoka nje nikampigia Bibi Postma, wakala wetu, ambaye ametuhudumia tangu harusi. Nilisikia anabofya kompyuta yake.

"Bi. Lorna, naona iliyoamka ni moja tu. Ile yako nyekundu, uliniambia niiamshe wiki iliyopita. Ile nyeusi bado imelala mpaka siku ya baraka, kama ulivyoagiza."

Ni kweli. Nilikuwa nimeamsha yangu kimya kimya, niendee kazini Alhamisi jua likiwaka. Sikumwambia Gerrit, angeninunia kwa kuvunja mwiko. Kwa simu ileile ningeweza kusema neno moja tu, "zote," na sikulisema.

"Huwezi kuiamsha sasa hivi," nikamwambia, "uandike tarehe ya jana?"

Akaacha kubofya. Kisha akasema taratibu, "Mpenzi, usiniombe hilo. Nitalia, halafu nitakataa."

Nikakata simu. Nilikasirika kwa kila mtu: kwa mchungaji na ndoo yake, kwa aliyetunga sheria ile, kwa Gerrit aliyekaa miaka kumi na tisa na mwiko halafu akauvunja Jumanne isiyo na kichwa wala miguu. Lakini zaidi nilijikasirikia mimi. Sikuelewa imekuwaje mtu amtii mumewe kisha utii huohuo umlemaze.

Saa tisa wakaniruhusu kuingia. Alikuwa mweupe kama shuka, mguu umeinuliwa kwa vyuma. Nilikuwa nimejipanga kumwambia yote, bima, kiti cha magurudumu, yote. Yeye akaniwahi, wala hakunitazama usoni.

"Lorna, nimekukosea sana. Usinipigie kelele mbele ya nesi."

"Umenikosea nini?"

"Jua lilikuwa zuri mno. Nikasema niende mpaka kituo cha mafuta nirudi, tena ungekuwa bado kazini." Akavuta shuka kifuani. "Nimekuvunjia pikipiki yako."

Nilidhani ni dawa za usingizi. "Pikipiki gani, Gerrit?"

"Yako. Nyekundu. Yangu ningeitoaje, wewe, na haijabarikiwa?" Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshangazwa na swali. "Najua bima imelala. Najua ulivyoipenda. Nitakununulia nyingine, nipe muda tu."

Nikakaa kitandani juu ya mkono wake. Nikaanza kulia na kucheka, yeye akamtazama nesi kama anayeomba msaada.

"Imeharibika kabisa, Lorna," akasema kwa huruma, akidhani sijaelewa. "Haitengenezeki."

"Ipi?" nikamuuliza.

"Ile yako nyekundu."

Nikamwambia arudie. Akarudia polepole, kama mtoto anayekiri kosa, na mimi nikamwambia arudie tena.