Himaya Iliyoosha Vipimo Vyake

Himaya ya Mwinamo ilikaa kwenye mteremko, na kwenye mteremko kila kitu hushuka isipokuwa vyeo. Juu kabisa alikaa Mfalme Kiboko. Katikati tulikaa sisi kanga, watumishi wa serikali, wepesi wa kukubali na wepesi zaidi wa kukimbia. Bondeni walikaa nguchiro, panya na kenge, ambao serikali iliwaita "wananchi wetu wapendwa" kila ilipotaka kuwapelekea kitu wasichokitaka.

Na kilichoshuka kwa wingi kuliko vyote kilikuwa majitaka. Mababu walichimba mitaro chini ya ardhi, wakaweka chemba kila penye kona, wakaielekeza yote mtoni kupitia Bondeni. Ili Ikulu ijue mitaro imejaa kiasi gani, kila chemba ilitumbukizwa ufito. Pale tope lilipoishia kwenye ufito, hicho ndicho kilikuwa kipimo. Kazi hiyo ilikuwa yetu kanga, na tuliifanya kwa uaminifu. Ila tulikuwa na adabu pia. Kitu kinachonuka hakikuruhusiwa kupita mbele ya Mfalme. Kwa hiyo, kabla ya kuupeleka ufito Ikulu, tuliuosha.

Tena tuliuosha vizuri. Tusijisifu sana, lakini ufito uliopita kwetu ungeweza kukorogea uji wa mgonjwa.

Waziri wa Vipimo alikuwa Mheshimiwa Korongo, ndege aliyepewa miguu mirefu ya kuingilia matope, akaitumia kusimama juu ya mazulia. Yeye alizipokea fito, akazikagua, akapeleka takwimu kwenye Kielelezo. Hicho kilikuwa himaya nzima iliyofinyangwa kwa udongo juu ya meza, na matete ndiyo yalikuwa mitaro. Ufito ukionyesha tope, Korongo alipaswa kumimina maji kwenye tete lake. Hakuwahi kumimina hata tone. Wageni waliletwa kukitazama Kielelezo, wakaondoka wakisema hawajapata kuona himaya kavu namna hii.

Mwaka mmoja Mfalme alijenga hodhi la kuogea, pana kama uwanja, na maji yake yalitakiwa kuingia katika mtaro uleule wa mababu. Masika hayajafika, Bi Nguchiro wa Bondeni akapanda mpaka barazani kwa Mfalme. Choo chake kilikuwa kimeanza kurudisha majitaka ndani. Watoto wake walikuwa wakilala juu ya meza.

"Mtukufu," alisema, "mvua haijaja na nyumba imeshajaa. Mkiniletea na maji ya hodhi, wanangu nitawalaza wapi? Darini kuna popo, na popo hawapangishi."

Mfalme akamgeukia Korongo. "Nyumba yake imejaa?"

"Kielelezo kinasema ni kavu, Mtukufu."

"Basi nihamishieni humo kwenye Kielelezo," akasema Bi Nguchiro. "Nyumba yangu naiona pale, mheshimiwa, karibu na ukucha wako. Ndogo, lakini haina harufu."

Sisi kanga tukacheka, kisha tukatazama uso wa Mfalme, tukaacha.

Mfalme hakuwa mkatili. Alikuwa na huruma, ila huruma yake ilipitia ofisini kwanza. "Mama huyu asipuuzwe," aliamuru. "Takwimu ziboreshwe. Kielelezo kiboreshwe. Hodhi lisifunguliwe mpaka tupate uhakika."

Tukaboresha. Tulikata fito ndefu zaidi, tukazitumbukiza kwenye chemba nyingi zaidi, na kwa kuwa safari hii zilitoka zimechafuka hadi juu, tuliziosha mara mbili na kuzifukiza udi. Mmoja wetu aliuliza kama huenda lile tope lilikuwa na maana. Tukamjibu kwamba maana inayo, ila si ya kupelekewa wakubwa. Korongo naye alikipaka Kielelezo rangi, akaongeza hodhi dogo, na ndani yake kiboko mdogo anayetabasamu. Uhakika ukapatikana. Hodhi likafunguliwa, Mfalme akaoga, na kwa Bi Nguchiro meza ikaelea.

Mama huyo hakurudi barazani. Aliwaita majirani, wakabeba mawe na udongo, wakauziba mtaro pale unapoingia Bondeni, kisha wakakaa kuulinda ukuta wao kwa zamu.

Majitaka yalipokosa pa kushukia yalipanga foleni, na foleni ikarudi nyuma hadi Katikati, kwetu. Yalitokea vyooni, yakaingia sebuleni bila hodi, yakatukuta tunakunywa chai. Tulishuka mbio mpaka ukutani.

"Bi Nguchiro, mama, fungueni! Tunaangamia huku!"

"Poleni jamani. Kielelezo kinasemaje?"

"Achana na Kielelezo, mama!"

"Wee! Leo kanga ndiye wa kusema hivyo? Haya, kamwambieni waziri wenu apime mwenyewe. Na bomba la hodhi likatwe, ndipo nitoe jiwe la kwanza. Mkija na maneno matupu, naongeza ukuta."

Korongo tulimkuta akifuta vumbi kwenye lile hodhi dogo. Hakutuamini, na hatukuweza kumlaumu, maana ushahidi wote kwamba hakuna tatizo tulimletea sisi. Tukamkamata, hawa mabawa, wale miguu, tukamtumbukiza kwenye chemba iliyo chini ya Ikulu. Kwa urefu wa ile miguu tulidhani tope litamfika magotini. Lilimfika shingoni.

Akatoka, akaenda moja kwa moja barazani huku akichora zulia kwa nyayo. Nasi nyuma yake. Mfalme akainua pua.

"Nani huyu?"

"Kipimo, Mtukufu," akajibu Korongo.

Harufu ikapanda ngazi za kiti cha enzi kama mjumbe asiyejua itifaki. Mfalme akageuza uso. "Kaoge kwanza," alisema kwa upole, "kisha uje uniambie."

Baadhi yetu walishageuka kwenda kuchota maji. Mazoea yana nguvu. Ndipo sauti ikatoka katikati ya kundi, na mpaka leo kila kanga anaapa ilikuwa yake: "Haogi mtu!"

"Haogi mtu!" tukaitikia, kwa mara ya kwanza bila kutazama uso wa yeyote.

Harufu haikuondoka mpaka Mfalme alipokubali; bomba la hodhi likakatwa, mwenyewe akishuhudia. Bi Nguchiro alipanda, akalichungulia, akaligonga, akaridhika. Akashuka akatoa jiwe moja, kisha akatugawia majembe.

"Ingieni mkazoe."

"Tuingie wapi, mama?"

"Mlikokuwa mkitumbukiza fito."

Tumeingia. Tope la humu lina kina kuliko ufito wowote tuliopata kuuosha, na tunachimba huku tukilaumiana, maana hilo halihitaji jembe. Bi Nguchiro amekaa juu ya jiwe la pili. Anasema halitoi mpaka aone tukitoka tutaelekea wapi kwanza, Ikulu na tope letu au kisimani kuoga.