Hatua Isiyoandikwa

Dada alikuwa amemwandikia mdogo wake hatua kumi na sita za kushona shati na kubandika karatasi ukutani, mbele ya cherehani: kata, unga mabega, pachika kola, mpaka kifungo cha mwisho. Mwenye karakana alitaka shati moja, kamili, kabla ya saa sita mchana. Likikamilika, mdogo huyo angerudishiwa kiti chake cha kazi, lisipokamilika, basi.

Kabla skizofrenia, ugonjwa wa akili, haijamwangusha, mafundi wenzake walimwita Rula, kwa jinsi mishono yake ilivyonyooka. Dawa zilikuwa zimezinyamazisha sauti alizozisikia kichwani. Kilichobaki hakikuwa na kelele, na watu wakakiita uvivu, kwani mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Rula alianza vizuri. Mabega, kola, mkono wa kwanza. Saa tano kasorobo uzi wa chini wa cherehani ukaisha. Akaisoma karatasi, akairudia. Kubadilisha uzi hakukuandikwa. Mikono yake ikatulia mapajani kama mgeni asiyekaribishwa.

"Rula, umegoma au unasali?" fundi suruali akamtania.

Dada akainuka kwenye benchi. Mwenye karakana akamwambia, bila ukali, kwamba akimwelekeza Rula, basi atakayeajiriwa ni yeye dada. Dada akaketi tena. Miaka minne alikuwa akimwelekeza mdogo wake nyumbani: maji yachemke kwanza, ndipo utie majani, soksi kabla ya kiatu. Uchovu wake haukuwa ule wa kulala ukaisha.

Hatimaye akamwuliza Rula tu kama amesahau kubadilisha uzi.

"Najua vyote, dada," Rula akajibu taratibu. "Kutoa kitambaa najua, kufungua najua, kusokota uzi najua. Lakini vyote vinafika mlangoni pamoja, na hakuna kinachokipisha kingine."

Saa sita ilipogonga, shati lilikuwa na mkono mmoja. Mwenye karakana akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa kola. Kisha akasema shati zima hapana. Kuanzia kesho Rula ashone kola tu, za mafundi wote, moja baada ya nyingine.

"Na uzi ukiisha?" Rula akauliza.

"Inua mkono. Nitakuja mimi."

Dada alitaka kushukuru, lakini mawazo yalikwisha kumtangulia: kuamka, kuoga, dawa, chai, kisha njia panda mbili, ambako Rula hana wa kumwinulia mkono. Basi atamleta mwenyewe, kesho, na kesho kutwa.